Barua za Scott Haziko Nyumbani Kwake

Mji wa Edinburgh umemtukuza Walter Scott kwa namna ambayo mgeni kutoka Afrika Mashariki, aliyezoea kuona sanamu za marais na mashujaa wa uhuru, haachi kuishangaa. Stesheni kuu ya treni inaitwa Waverley, jina la riwaya yake ya kwanza iliyotoka mwaka 1814. Ukitoka stesheni na kupanda hadi Princes Street unakabiliana na mnara wa mawe yaliyosawijika, wenye urefu wa mita 61 na ngazi 287, na chini yake ameketi Scott wa marumaru nyeupe, mbwa wake Maida ubavuni. Mnara huo ulizinduliwa mwaka 1846, miaka 14 baada ya kifo chake. Ni kazi ya mafundi hodari, lakini unasema jambo lisilo kweli: kwamba riwaya zile zilitoka kwa mtu mmoja aliyekaa peke yake, juu ya wengine wote. Karatasi alizoacha zinasema vingine. Safari ya kuzifuata, kuanzia Edinburgh hadi kwenye mashamba ya kondoo karibu na mpaka wa England, imenifanya niamini kwamba mwandishi huyu anaeleweka zaidi kwa barua alizoandikiwa kuliko kwa zile alizoandika, na kwamba sehemu kubwa ya utukufu wake ni deni ambalo karatasi hizo bado zinalidai.

Maktaba ya Taifa ya Uskoti haiko mbali na mnara huo. Iko kwenye daraja lenye jina la Mfalme George IV, ambaye sherehe za ziara yake mjini hapo mwaka 1822 zilipangwa na Scott mwenyewe. Ilianza kama maktaba ya chama cha mawakili, ikafunguliwa mwaka 1689, na mwaka 1925 ikafanywa mali ya taifa. Scott, wakili tangu 1792 na karani wa mahakama kuu tangu 1806, aliitumia kama mtu anavyotumia chumba cha nyumbani kwake. Jambo la kwanza linalomkabili msomaji wa nyaraka humo ni la kawaida kabisa, nalo hugeuza mambo yote: barua huishi kwa aliyeipokea. Scott aliandika barua kwa maelfu, na kila moja iliondoka kwake ikaenda kukaa katika droo ya mtu mwingine, kwa Joanna Baillie mwandishi wa tamthilia huko Hampstead, kwa Maria Edgeworth kule Ireland, kwa Lady Louisa Stuart, kwa wachapishaji wa London, kwa mwanawe aliyekuwa jeshini. Zilizobaki nyumbani kwake ni zile alizoandikiwa. Bahati yetu ni kwamba alikuwa mtu wa kutunza. Hugh Walpole, naye mwandishi wa riwaya, alizinunua barua hizo kwa wingi, na alipofariki mwaka 1941 akaiachia maktaba hii. Kwa hiyo anayeomba nyaraka za Scott huletewa mezani sauti za watu wengine: wachungaji wa makanisa, wakulima, wajane wanaoomba msaada, vijana wanaotaka mashairi yao yasomwe, wanawake wenye hadithi za ukoo.

Itazame kwa karibu barua moja ya zama hizo. Haina bahasha. Karatasi imekunjwa na kukunjwa tena mpaka upande wake wa nje ukawa mahali pa anwani, halafu ikafungwa kwa lakiri nyekundu. Mpokeaji alipoifungua, lakiri iling'oa kipande cha karatasi, kwa hiyo ukiikunjua leo unaona tundu, na maneno mawili matatu yamekwenda na tundu hilo. Mwandishi mzoefu aliacha nafasi tupu mahali pale. Asiyezoea hakujua, akaandika mpaka ukingoni, na hapo unaanza kumtofautisha aliyeandika kila siku na aliyeandika mara moja kwa mwaka. Gharama ya posta ililipwa na mpokeaji, ikihesabiwa kwa masafa na idadi ya karatasi, utaratibu uliodumu hadi mageuzi ya mwaka 1840. Ndiyo maana mistari imebanana na hakuna mahali palipoachwa peupe. Wabunge walikuwa na haki ya kutuma na kupokea barua bure, na Scott aliitumia sana fadhila hiyo ya marafiki zake, ingawa haikumwokoa kila mara. Inasimuliwa kwamba binti mmoja wa New York alimpelekea mswada wa tamthilia iitwayo The Cherokee Lovers, posta ikamdai Scott zaidi ya pauni 5. Haukupita muda ikafika nakala ya pili kwa gharama kama ile ile, kwa kuwa mtungaji aliogopa ya kwanza isije ikazama baharini. Nyingi za barua hizi, basi, zilimgharimu fedha, na bado hakuzitupa. Mtu hatunzi kwa miaka kitu kilichomgharimu asipokuwa anajua kina kazi.

Na kazi kweli kilikuwa nayo. Riwaya ambayo wasomaji wengi wanaihesabu kuwa bora kupita zote alizoandika, The Heart of Mid-Lothian ya mwaka 1818, chimbuko lake ni barua ya mwanamke ambaye hakutia hata jina lake. Baadaye alijulikana kuwa ni Helen Goldie. Alimweleza Scott habari za Helen Walker, mwanamke maskini wa Dumfriesshire ambaye dada yake alishtakiwa kwa kifo cha mtoto mchanga. Neno moja la uongo mahakamani lingemwokoa dada. Helen akakataa kulisema, kisha hukumu ya kifo ilipotolewa akatembea kwa miguu hadi London kumwombea msamaha, na akaupata. Uti wa mgongo wa riwaya ni huo: tatizo la dhamiri, safari, na tabia ya mhusika mkuu anayeitwa Jeanie Deans. Scott aliongeza lugha, mahakama, ghasia za Edinburgh na wahusika wengine wengi, na kwa hilo hana mpinzani. Hata hivyo mbegu ilifika kwa posta. Yeye mwenyewe alikiri, na mwaka 1831, akiwa mgonjwa, alimwekea Helen Walker jiwe la kaburi katika uwanja wa kanisa la Irongray. Hakuwa peke yake Helen Goldie. Joseph Train, afisa wa ushuru aliyezunguka Galloway kwa kazi yake, alimpelekea Scott kwa miaka mingi hekaya, vitu vya kale na mambo ya wazee, na mengi yaliingia katika riwaya. Train alikuwa na matamanio yake ya kuandika, akayaweka kando ili amlishe mwenzake. Mnara wa Princes Street umezungukwa na sanamu za wahusika wa vitabu. Afisa wa ushuru hayumo.

Kutoka Edinburgh kwenda kusini, reli iliyofufuliwa mwaka 2015 hufika Tweedbank. Njia ya zamani, iliyoitwa nayo kwa jina la Waverley, ilifungwa mwaka 1969, na wenyeji wa bonde la Mto Tweed wakaishi kizazi kizima na zaidi bila treni. Milima huko ni ya mviringo, mifupi kwa macho ya mtu aliyezoea Uluguru au Aberdare, imefunikwa na majani yaliyokatwa na kondoo hadi yakawa laini, na kuta za mawe yasiyotiwa chokaa zinapanda moja kwa moja hadi vileleni. Juu ya Melrose vinasimama vilele vitatu vya Eildon, ambavyo Scott alipenda kuvitazama. Vijijini huuzwa bannock ya Selkirk, mkate mzito wa siagi uliosheheni zabibu kavu, unaokatwa vipande na kupakwa siagi tena. Aliyekulia mkate wa kumimina ataupenda upesi, ila atatafuta iliki. Ni nchi ya sufu ya kondoo, ya viwanda vya kufuma ambavyo vingi vimenyamaza, na ya watu wanaotaja koo zilizoibiana ng'ombe miaka 400 iliyopita kama vile ugomvi ulitulizwa juzi. Scott aliletwa huku akiwa mtoto mdogo, mguu wake wa kulia umelemazwa na maradhi, akalelewa shambani kwa babu yake huko Sandyknowe, chini ya ngome ya Smailholm. Wanafamilia na watumishi walimsimulia. Kusikiliza alikuanza kabla ya kusoma.

Mwaka 1811 alinunua shamba kando ya Tweed, akalipa jina la Abbotsford, na kufikia 1824 alikuwa amejenga hapo jumba lenye minara, silaha ukutani na maktaba ya vitabu vipatavyo 9,000. Vitabu vipo mpaka leo, na meza ya kuandikia ipo. Miswada ya riwaya ndiyo iliyoondoka. Mwaka 1823 Scott alimpa mchapishaji wake, Archibald Constable, miswada hiyo zawadi. Januari 1826 Constable akafilisika, na akaanguka na kampuni ya uchapaji ya James Ballantyne ambayo Scott alikuwa mbia wake wa siri. Ghafla Scott alijikuta na deni lililozidi pauni 100,000. Alikataa kutangazwa mufilisi, akaamua kuwalipa wadai kwa kuandika, na akaandika hadi mwili ukamshinda. Miswada ikahesabiwa kuwa mali ya wadai wa Constable, na mwaka 1831 ikapigwa mnada London kwa bei ndogo, mwandishi akiwa bado hai. Mingine ilirudi. Mswada wa Waverley, kwa mfano, uko Edinburgh. Mingine mingi imo katika maktaba aliyoiasisi tajiri J. Pierpont Morgan huko New York, pamoja na shajara ambayo Scott aliianza Novemba 1825, wiki chache kabla ya maafa. Wapo wanaosema hakuna ubaya, kwamba karatasi ni salama zaidi pale penye fedha. Usalama siupingi, na watunzaji wa New York wamefanya kazi njema. Ninachosema ni kwamba miswada na barua ni mazungumzo ya watu wale wale. Ukitenganisha vipande vyake kwa bahari, unamzoesha msomaji kuutazama mswada kama johari ya mtu mmoja, kwa sababu waliochangia wamebaki ng'ambo.

Miswada yenyewe, ukiisoma kwa subira, inaunga mkono jambo hili. Scott aliandika upande mmoja wa karatasi kwa kasi, mistari imesongamana, alama za uandishi chache mno, na nyongeza akazitia upande wa nyuma wa karatasi iliyotangulia. Nukta na mikato aliwaachia wachapaji. Na kwa kuwa riwaya zilitoka bila jina lake hadi alipokiri hadharani mwaka 1827 katika karamu mjini Edinburgh, mswada halisi haukupelekwa kiwandani: wanakili waliunakili kwanza, ili mafundi wasiutambue mwandiko. James Ballantyne alisoma nakala za kusahihishia na kuandika pembeni malalamiko yake, na Scott akajibu papo hapo, mara akikubali, mara akishikilia lake. Waliohariri toleo la Edinburgh la riwaya hizo, juzuu 30 zilizotoka kati ya 1993 na 2012, walirudi kwenye miswada na kukuta maelfu ya mahali ambapo mnakili alisoma vibaya au mchapaji alibadili. Mtu anaweza kusema kwamba toleo hilo linampa Scott nafasi yake kwa kuwafuta wengine. Mimi naliona vingine. Mpaka uwajue wengine walifanya nini, hujui yeye alifanya nini. The Bride of Lammermoor ya mwaka 1819 kwa muda mrefu ilisemekana kuwa aliitamka yote kitandani, akiwa amelemewa na maumivu na dawa, kiasi kwamba baadaye hakuikumbuka. Mswada wake umehifadhiwa Edinburgh, katika Signet Library, na sehemu yake kubwa ni mwandiko wa Scott mwenyewe. Hadithi tamu ilivunjwa na karatasi.

Hapo ndipo panapojibiwa wale wanaouliza kwa nini tuhangaike na nyaraka ilhali barua zimekwisha kuchapwa. Mkwewe Scott, John Gibson Lockhart, aliandika wasifu wake katika juzuu 7, 1837 na 1838, na kwa miaka karibu 100 dunia ilimjua Scott kwa macho ya Lockhart. Ni kitabu kilichoandikwa kwa mapenzi na kwa ustadi. Lakini Profesa Herbert Grierson alipokusanya barua na kuzichapa katika juzuu 12 kati ya 1932 na 1937, ilionekana kwamba Lockhart alikuwa akiunga barua mbili kuwa moja, akipunguza hapa, akinyoosha pale, ili mkwe atokeze vile familia ilivyotaka. Hakuwa mwongo wa kawaida. Alikuwa mtoto wa nyumba aliyesitiri nyumba, na sisi tulio na adabu ya kutomsema marehemu tunamwelewa vizuri kabisa. Sitara hiyo ilikuwa na gharama, na waliolipa si Scott. Walilipa Ballantyne na nduguye John, ambao Lockhart aliwatwika sehemu kubwa ya lawama ya kufilisika, na James Hogg, ambaye kumbukumbu zake za Scott za mwaka 1834 zilimkasirisha Lockhart vibaya. Aliye nje ya familia hana wa kumsitiri. Kinachoweza kumtetea ni barua halisi, ikiwa haikuchomwa.

Hogg anatuletea pingamizi zito zaidi. Alikuwa mchunga kondoo wa bonde la Ettrick, aliyesoma shule kwa miezi michache tu, akajifundisha kuandika akiwa mtu mzima na akaja kutunga riwaya ambayo leo inasomwa pengine kuliko za Scott. Mama yake, Margaret Laidlaw, alikuwa hazina ya nyimbo za mpakani. Scott alipokusanya nyimbo hizo kwa ajili ya kitabu chake kilichoanza kutoka mwaka 1802, alimwendea. Hogg anasimulia kwamba mama alimlaumu Scott waziwazi: nyimbo zilitungwa ziimbwe, na kwa kuzichapa ameziharibu, hazitaimbwa tena. Sasa, atauliza mtu, nyaraka zina haki gani ya kujisifu kwamba zimewahifadhi wadogo, wakati mama huyu yumo kwa kinywa cha mwanawe tu? Swali ni la haki. Nyaraka zinawapendelea waliojua kuandika na waliokuwa na pesa ya karatasi, na waliosahauliwa kabisa hawamo. Hata hivyo lawama yenyewe imetufikia kwa sababu kulikuwa na mchunga kondoo aliyeshika kalamu. Ingekuwa tunategemea nyaraka za familia ya Scott peke yake, tungebaki na shukrani na salamu. Upungufu wa nyaraka unatudai tuwatafute waliokuwa pembeni, watu wa aina ya Hogg. Hautupi ruhusa ya kuziacha.

Kuna pia suala la siri. Barua ni amana, na wengi walioandika kwa Abbotsford hawakukusudia kusomwa na wageni. Ninaliheshimu hilo, ila muda hubadili uzito wake. Mei 1824, kumbukumbu za mshairi Byron zilichomwa motoni ofisini kwa mchapishaji John Murray huko London, na marafiki waliozichoma waliamini wanamlinda. Tangu hapo kila mtu amesema alilotaka juu ya Byron, na yeye hana pa kujibu. Nyaraka za kampuni hiyo ya Murray zilinunuliwa na Maktaba ya Taifa ya Uskoti mwaka 2006 kwa zaidi ya pauni milioni 31, na ndani yake kila kitu kimo isipokuwa kile kilichochomwa. Scott naye alipata hasara ya Byron: chombo cha fedha chenye mifupa ya kale kutoka Athens, ambacho Byron alimpa, kilikuwa na barua ndani yake, na mgeni mmoja wa Abbotsford akaiiba. Kati ya moto wa marafiki na mkono wa mwizi, rafu ya maktaba ni mahali pa heshima zaidi kwa siri ya mtu aliyekufa miaka 200 iliyopita.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kulijali jambo hili, na sababu hiyo iko Uskoti kule kule, katika mji mdogo wa Blantyre karibu na Glasgow, alikozaliwa David Livingstone. Kitabu cha shajara zake za mwisho kilitolewa na Murray mwaka 1874, kikahaririwa na Horace Waller. Waller alikuwa kwa Livingstone kile Lockhart alichokuwa kwa Scott, rafiki mwaminifu mwenye mkasi. Shajara aliyoiandika Livingstone mwaka 1871 huko Nyangwe, juu ya kurasa za gazeti kuukuu na kwa wino wa matunda, ilikuwa imefifia hata isisomeke, mpaka upigaji picha wa kisayansi ulipoifufua mwaka 2011 na kuonyesha kwamba yaliyoandikwa papo hapo na yaliyochapwa hayafanani kila mahali. Abdullah Susi na James Chuma, waliobeba mwili wa Livingstone na karatasi zake hadi Bagamoyo, walikwenda Uingereza wakamweleza Waller yaliyotokea, na tunawasikia kwa kalamu yake, kama Margaret Laidlaw anavyosikika kwa kalamu ya Hogg. Lakini Jacob Wainwright, Myao aliyesomeshwa Nassik huko India, aliandika shajara yake mwenyewe ya safari ile, na daftari la mwandiko wake limehifadhiwa Blantyre. Kwa miaka mingi halikupata hata robo ya umaarufu wa karatasi za bwana wake. Anayeamini kwamba karatasi za mtu mashuhuri zinatosha kumweleza na aliweke daftari hilo kando ya kitabu cha Waller, kisha aseme ni lipi angelikubali lipotee.

Kwa hiyo nina ombi kwa wahariri na wafadhili wa fani hii. Barua alizoandika Scott zimechapwa kwa juzuu 12, na wasifu wake unaandikwa upya kila kizazi. Zile alizoandikiwa na wengine zimechapwa kwa kuchaguachagua, moja moja, pale zinapomhusu yeye au zinapotoka kwa mwenye jina kubwa. Zile za Joseph Train na za wanawake wa mashambani waliotuma hadithi za bibi zao zichapwe zote kwa ukamilifu, kila barua na jina la aliyeiandika kwenye jalada, kabla fedha hazijatengwa kwa wasifu mwingine. Karatasi zipo, wino bado unasomeka, na kwa wengi wao hakuna familia iliyobaki ya kupinga.